Shajara ya mradi: dobi, nge na bakuli la shaba

Wiki ya 1

Haya, nimeanza rasmi. Wazo lenyewe dogo tu: nakusanya maandishi ya kale ya kifasihi ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya ibada, yaani hadithi, vichekesho, barua, malalamiko, afu kwenye kila andiko nachomoa kitu kimoja kimoja cha maisha ya kawaida, walivaa nini, nani alikuwa anamdai nani, nani kaugua nini, naweka kwenye jedwali. Baadaye tutaona jedwali linasemaje.

Kwa nini yasiwe ya kidini? Sina ugomvi na dini jamani. Ni kwamba makaburi na mahekalu yalijengwa kwa mawe yakadumu, na maandishi yake yapo kibao, sasa ukisoma hayo peke yake utadhani Wamisri wa kale walikuwa wakiamka asubuhi kazi yao ni kufa tu. Nataka kujua kati ya kuamka na kufa walikuwa wanafanya nini.

Jedwali lina safu nne: andiko, wakati, mahali, kitu. Tupo wawili, mimi nimechukua Misri, mwenzangu kachukua Iraki ya kale.

Nimeanza na kile kisa maarufu cha Khety, kina umri wa karibu miaka 4,000. Ni baba anasafiri na mwanae kwa mashua kumpeleka shule ya makarani, na njia nzima anamponda kila fundi duniani. Mhunzi vidole vyake kama makucha ya mamba na ananuka kuliko mayai ya samaki. Kinyozi ananyoa mpaka jua linazama, anatembea mtaa kwa mtaa kutafuta kichwa cha kunyoa. Mfumaji amejikunja ndani, magoti yamebana tumbo, hewa hapati, na siku akitegea anakula viboko 50. Dobi anafua kando ya mto, jirani yake ni mamba. Afu mwisho wa yote, karani ndo hana bosi juu yake.

Aisee nimejaza mistari kumi na kitu jioni moja. Nimelala nikijiona msomi.

Wiki ya 2

Usomi umeisha. Mwenzangu kafungua jedwali kanipigia saa hiyohiyo.

"Kaka, umeandika hapa mfumaji alichapwa viboko hamsini. Nani kakwambia?"

"Khety."

"Khety ni nani?"

"Baba mtu. Anampeleka mwanae shule."

"Shule ya nini?"

"Ya ukarani."

Kimya kidogo. "Sasa kaka, mzazi anampeleka mtoto shule ya ukarani, njiani ataisifia kazi ya kufuma?"

Sikuwa na jibu. Na kuna jingine baya zaidi: kisa hiki kimetufikia hasa kwa mikono ya wanafunzi wa ukarani, walikuwa wanapewa wakinakili kama zoezi, mamia ya nakala kwenye vipande vya mawe ya chokaa na vigae, na wengi waliishi zaidi ya miaka 600 baada ya kisa kutungwa, lugha ilishabadilika, walikuwa wananakili vitu wasivyovielewa. Makosa kila mstari. Ndo maana ukichukua tafsiri mbili ukaziweka pembeni kwa pembeni kuna sehemu unajiuliza kama ni kisa kimoja kweli.

Nilitaka kufuta yote nianze upya. Afu nikakaa nikafikiria hivi: kejeli haiwezi kufanya kazi kama msikilizaji haitambui picha. Ukimcheka kinyozi kwamba anazurura mtaa kwa mtaa, lazima yule anayekusikiliza awe amewahi kumuona kinyozi anazurura, la sivyo hacheki. Magoti kubana tumbo pia, ule mtambo wao wa kufumia wa enzi hizo ulilazwa chini, umetandazwa kwenye vigingi, lazima uchuchumae. Kwa hiyo mkao nauamini. Viboko 50 siviamini, au tuseme naamini kwamba kuchapwa kazini lilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kulitaja bila kuonekana mwendawazimu, basi, idadi ni ya Khety mwenyewe na chumvi yake.

Kwa hiyo jedwali limeongezeka safu ya tano: *anaongea nani, na anataka nini*. Nimerudi kuijaza kwenye mistari yote ya wiki ya kwanza na imenichukua muda mrefu kuliko kuandika mistari yenyewe.

Wiki ya 3

Wiki hii ni ya mwenzangu, mimi nanukuu tu alichoniletea.

Kwanza kisa cha shule cha Wasumeri, watu wa kusini mwa Iraki ya kale, nacho kina kama miaka 4,000 hivi. Mwanafunzi anaamka mbio, anadai mama yake ampe chakula cha mchana, anapewa mikate miwili, anakimbia shule asichelewe. Siku hiyo anachapwa na kila mtu: kaongea kachapwa, kasimama kachapwa, katoka getini kachapwa, mwandiko mbaya kachapwa. Akirudi nyumbani anamshauri baba amwalike mwalimu. Mwalimu anakuja, anakalishwa mahali pa heshima, anavishwa nguo mpya, anavalishwa pete, na ghafla bin vuu yule mtoto amekuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Safu ya tano hapa tumebishana sana. Alietunga bila shaka ni mtu wa shule hiyohiyo, sasa anamcheka mwanafunzi, anamcheka mwalimu, au anawakumbusha wazazi kitu? Mi nasema yote matatu. Mwenzangu anasema la tatu tu.

Pili, barua mbili za Babeli ya kale, nimezipenda kwa jinsi zinavyoanza.

Moja ni ile ya Nanni kumlalamikia Ea-nasir kuhusu shaba mbovu, ya kama mwaka 1750 KK, ilifukuliwa kwenye mji wa kale wa Uru na sasa mtandao mzima unaijua kwa vichekesho. Watu wanacheka mfanyabiashara tapeli, sawa, lakini isome taratibu: Nanni anasema mjumbe wake alipita kwenye nchi ya adui akarudi mikono mitupu, tena si mara moja. Hapo ndo unaona biashara ilikuwaje, unatuma mtu kwa miguu kupita sehemu hatari na pesa yako iko mikononi mwa mtu wa mbali, na silaha pekee uliyonayo ni udongo mbichi na kijiti cha kuandikia.

Ya pili ni ya Iddin-Sin kwa mama yake, Zinu. Anaanza kwa kumwombea afya kwa miungu mitatu, Shamash, Marduk na Ilabrat. Pumzi inayofuata: nguo za vijana wenzangu zinapendeza mwaka hadi mwaka, zangu zinachakaa, ilhali sufu nyumbani inatumika kama mkate. Mtoto wa Adad-iddinam, ambaye baba yake ni mtumishi tu wa baba yangu, kapata nguo mbili mpya, we unalalamika kuhusu moja. Yeye mama yake kamchukua tu kulea, we umenizaa, na yule anampenda mwanae, we hunipendi.

Jamani.

Hapo likaja swali la mipaka: miungu mitatu kwenye mstari wa kwanza, je hili bado ni andiko lisilo la kidini? Tumeamua kwamba salamu haihesabiki, tunaangalia barua imetumwa kufanya kazi gani. Hii imetumwa kutafuta nguo. Bila sheria hiyo tungetupa nusu ya barua zote za dunia ya kale, maana walikuwa hawaanzi kuombana hela kabla ya kuombeana heri. Nanni yeye wala hakusalimia, kaingia moja kwa moja kwenye shaba, na hiyo nayo ni habari, nimeiwekea mstari wake.

Wiki ya 5

(Wiki ya 4 haikuandikwa, nilikuwa nasoma tu na sikutaka kusimama.)

Nimefika Deir el-Medina na sidhani kama nitatoka leo au kesho. Ni kijiji cha mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme kule ng'ambo ya Luxor, nyumba kama 70 ndani ya ukuta, kimeishi zaidi ya miaka 400. Sasa, hapo kijijini wengi kiasi walijua kuandika kuliko kawaida ya zama zile, na mawe ya chokaa ya kuandikia yalikuwa bure, unaokota tu chini. Kwa hiyo wameandika kila kitu. Kila kitu kabisa.

Na maandishi yalivyohifadhiwa ndo kisa chenyewe. Kijiji kilikuwa jangwani, hakina maji, maji yaliletwa kwa punda toka bondeni. Kuna siku wakaamua kuchimba kisima, wakachimba wee, kama mita 50 kwenda chini, wasiambulie tone. Lile shimo likageuka jalala. Wafukuaji wa Kifaransa walipolifikia, miaka zaidi ya 3,000 baadaye, wakatoa maelfu ya vipande vyenye maandishi. Kisima kilichoshindwa kutoa maji kimetoa barua, madeni, mashairi ya mapenzi na hesabu za shayiri. Naomba mtu asiniambie tena kwamba taka ni taka.

Kipande nilichokaa nacho zaidi si cha shimoni, kipo London, ni jiwe kubwa la orodha ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa Farao Ramesses wa Pili, karne ya 13 KK. Mafundi 40, siku 280. Jina, tarehe kwa wino mweusi, na juu ya tarehe, kwa wino mwekundu, sababu ya kutokuja kazini. Anaumwa. Anaumwa macho. Kaumwa na nge. Yuko na bosi (yaani kazi binafsi za mkubwa, hizo hazijaanza leo). Anambebea karani mawe. Anapika bia. Anamfunga mama yake sanda. Mke wake yuko kwenye siku zake. Binti yake yuko kwenye siku zake.

Hiyo ya mwisho nimeirudia mara tatu. Mwanamume anakosa kazi kwa sababu hiyo, na karani anaandika bila kushangaa, kwa wino uleule wa nge. Sijui alikaa nyumbani kusaidia au ilikuwa mwiko wa aina fulani, wataalamu wanavutana na mimi sitajifanya mtaalamu, ila kwenye safu ya "kitu" nimeandika: *lilitajika*. Hakuna kaburi la mfalme litakalokwambia hilo.

Wiki ya 6

Mwenzangu: "Kaka, orodha ya utoro siyo fasihi."

Tumebishana siku mbili. Hoja yake ni nzuri kusema ukweli: mradi ulisema maandishi ya kifasihi yasiyo ya kidini, mimi nimehamia kwenye rejista. Hoja yangu ni kwamba rejista ndo inanifundisha kuisoma fasihi, na nikamtumia vitu viwili avitazame pamoja.

Cha kwanza, macho. Kwenye orodha ni neno moja jekundu, anaumwa macho, basi. Afu kuna barua ya mchoraji wa kijiji hikihiki, anaitwa Pay, anamwandikia mwanae: usinipe kisogo, mimi siko sawa, usiache kunililia, niko gizani. Anaomba aletewe asali ya kuweka machoni na wanja halisi, anasema anaitafuta nuru ya macho yake na imekwenda. Mchoraji huyo. Mtu ambaye mkate wake wote uko kwenye macho. Ukisoma barua peke yake unasema maskini, mzee mmoja kapofuka. Ukisoma orodha peke yake unahesabu siku. Ukizisoma zote mbili unakumbuka kwamba hawa watu walifanya kazi ndani ya miamba kwenye vumbi la chokaa na mwanga wa tambi, na yale macho yanarudi rudi.

Cha pili, dobi. Kumbuka dobi wa Khety na mamba wake. Sasa kijijini kulikuwa na madobi waliopangiwa nyumba za kufulia, na zipo orodha za nguo zilizopelekwa, shuka ngapi, vitambaa vya kiunoni vingapi, kanzu ngapi. Na baadhi ya vipande haviandikwi maneno, vimechorwa nguo yenyewe, na nukta kuonyesha idadi. Ukifikiria ni kwa nini, jibu ninaloliona ni kwamba dobi hajui kusoma na mteja anataka nguo zake zirudi zote.

Afu ndo nikagundua kitu nilichopaswa kukiona wiki ya kwanza. Nakala nyingi za Khety zimepatikana kijiji hikihiki. Yaani mtoto kakaa chini, kashika jiwe la chokaa, ananakili kwamba kazi ya dobi ni balaa tupu, na nyumbani kwao mama au baba kashika jiwe la aina ileile anachora vitambaa vya kiunoni ili huyohuyo dobi asipoteze kimoja. Na nguo aliyovaa yule mtoto wakati ananakili kafua nani?

Nilimwandikia hivyo usiku. Kajibu asubuhi: "Sawa, orodha zibaki." Sherehe ndogo.

Wiki ya 7

Wiki mbaya. Nimeseivu faili la zamani juu ya jipya, mistari ya siku nne imekwenda na maji. Nimeandika upya kwa kumbukumbu nikakuta nimekosea wino, niliweka sababu kwa mweusi na tarehe kwa mwekundu, ikabidi nirudie kila mstari na picha pembeni. Nikawaelewa wale wanafunzi wa Khety, nilikuwa nawacheka.

Kupumzisha akili nimepita haraka haraka kwingine. Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, vibao vyembamba vya mbao vilianza kutoka ardhini mwaka 1973: mtu katumiwa soksi, jozi mbili za ndala na chupi mbili, mwingine anaomba askari wake waletewe bia maana imeisha, na Claudia Severa anamwalika rafiki yake kwenye siku yake ya kuzaliwa, mwaka 100 BK hivi, barua kaandika karani ila mistari ya mwisho kaongeza mwenyewe kwa mkono wake. Novgorod huko Urusi, maandishi kwenye magome ya mti, la kwanza lilipatikana Julai 1951: mtoto Onfim wa karne ya 13 anafanya zoezi la herufi, kachoka, kajichora amepanda farasi anamchoma mtu mkuki. Na mwanamume mmoja anamposa mwanamke kwa sentensi fupi kabisa, nakutaka na wewe wanitaka, shahidi ni Ignat. Kwenye safu ya tano hiyo ndo rahisi kuliko zote.

Vizuri vyote, vitarudiwa kwa utaratibu. Narudi kijijini.

Wiki ya 9

Nilikuwa nimeogopa kuanza papirasi ya mgomo kwa sababu kila mtu kashaiandika, ila haikwepeki. Mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, kama 1157 KK, posho za kijiji zimechelewa na mafundi wanaacha kazi, wanavuka kuta za ulinzi, wanakwenda kukaa nyuma ya hekalu. Maneno yao yameandikwa: tumekuja kwa njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta ya kupaka, hatuna samaki, hatuna mboga. Watu husoma hapo siasa. Mimi nimeisoma kama orodha ya manunuzi iliyogeuzwa ndani nje, ndo unajua mshahara wa mtu ulikuwa vitu gani, kwa sababu vinatajwa siku visipokuja.

Na wosia wa Naunakhte. Huu umenishika. Miaka ya 1140 KK, mama mtu mzima, mume wake wa kwanza alikuwa karani mkubwa wa kijiji (ana mwandiko mbaya wa kihistoria, ukiuona unaujua), alipokufa akaolewa na fundi wakazaa watoto wanane. Anasimama mbele ya baraza la kijiji anasema: mimi ni mwanamke huru wa nchi ya Farao, nimewalea hawa wanane, nikawapa kila kitu wanachopewa watu wa hali yao wanapoanza maisha, sasa nimezeeka na wao hawanitunzi. Anayenishika mkono nitampa mali yangu, asiyenipa kitu sitampa. Anawataja kwa majina, huyu apate, huyu asipate. Na mmoja, aliyepewa jina la yule karani marehemu, anaongezewa juu ya fungu lake bakuli moja la kunawia, la shaba nyeusi.

Nimehangaika na lile bakuli. Baba wa huyo kijana ni mume wa pili, jina ni la mume wa kwanza, na bakuli limetengwa pembeni litajwe peke yake mbele ya baraza zima, ndugu zake wakiwepo wanasikia. Sitaki kutunga riwaya hapa. Ila natamani kumuona dada mmoja aliyenyimwa anaangalia lile bakuli likisomwa.

Kwenye safu ya tano nimeandika *anataka kutunzwa*. Nikamtumia mwenzangu aikague kama kawaida.

Akakaa nayo siku nzima. Afu akajibu: "Ipo sawa kaka. Ila mweke karibu na Zinu. Tuna malalamiko ya mtoto kwa mama, tuna malalamiko ya mama kwa watoto, na Zinu mwenyewe kwenye jedwali letu hana hata mstari."

Nimemfungulia mstari. Andiko: hamna. Mahali: nyumbani kwake, sufu inatumika kama mkate. Wiki ijayo tunaingia Kanesh, mji wa kale huko Uturuki ya leo, barua za wafanyabiashara wa Ashuru na wake zao wafumaji, kuna mmoja anamuuliza mumewe mbona fulani kashajenga nyumba mara mbili tangu uondoke, sisi lini.